Ngozi hutangulia kusema kabla ya mwili kulala

KWA wakazi wengi wa Chepilat, kituo cha biashara kilicho mpakani mwa Sotik katika Kaunti ya Bomet na Borabu katika Kaunti ya Nyamira, safari ya kutafuta nafuu ya ngozi inayowasha huanzia dukani, wala si hospitalini. Mtu hununua dawa ya kujipaka, akaitumia kwa wiki mbili, vipele vikatulia. Kisha vipele hurudi vikiwa vingi kuliko awali. Hubadilisha dawa, akabadilisha sabuni, akalaumu majani ya chai, mbolea, maji ya mto au jirani mwenye kijicho. Miezi hupita.

Katika miezi hiyo, huenda ngozi inasema jambo ambalo mwenyewe hajalitambua. Kwa mtu mzima ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya Ukimwi (VVU), matatizo ya ngozi mara nyingi huwa miongoni mwa dalili za kwanza kuonekana. Hutangulia kukonda, hutangulia kikohozi cha kifua kikuu na hutangulia homa zinazomlaza mtu kitandani. Vitabu vya tiba hukadiria kwamba watu tisa hivi kati ya kumi wenye VVU hupatwa na tatizo la ngozi au la kinywa wakati mmoja au mwingine wa maradhi yao, hasa wasipotumia dawa.

Suala hili limepata uzito mpya. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, shughuli za kliniki nyingi za VVU nchini zilitatizika, na Wizara ya Afya ikahimiza huduma hizo ziunganishwe na zile za kawaida za wagonjwa wasiolazwa. Maana yake ni kwamba mgonjwa mwenye vipele hakutani tena na mhudumu aliyezoea kazi hiyo moja pekee. Hukutana na mhudumu yeyote wa zamu, mwenye foleni ndefu ya malaria, vikohozi na majeraha. Mhudumu huyo asipoisoma ngozi vyema, na mgonjwa asipojua la kuuliza, nafasi ya kugundua maradhi mapema hupotea.

Kwa nini ngozi?

Ngozi ni ukuta wa mwili, lakini ni ukuta wenye walinzi. Juu yake huishi kila siku bakteria, kuvu na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Mtu mwenye afya hawahisi kwa sababu kinga yake huwadhibiti. Miongoni mwa wasimamizi wakuu wa kinga hiyo ni chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4. Kwa kawaida mtu mzima huwa na kati ya 500 na 1,500 za chembe hizo katika milimita moja ya ujazo ya damu.

VVU hushambulia chembe hizo hasa. Kadiri zinavyopungua, ndivyo viumbe waliokuwa wakidhibitiwa wanavyopata mwanya. Kuvu ambayo ingeishia kati ya vidole hupanda mguuni. Virusi vya tetekuwanga ambavyo vimelala kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni huamka. Wakati huohuo, sehemu nyingine za kinga huchanganyikiwa na kupambana kupita kiasi na mambo madogo, kama vile mate ya mbu.

Kwa sababu hiyo, aina ya ugonjwa wa ngozi humpa mganga fununu ya hali ya kinga. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoandaa mwaka 1990 utaratibu wa kupanga wagonjwa wa VVU katika ngazi nne, lilizingatia kwamba hospitali nyingi hazikuwa na mashine za kuhesabu CD4. Ngazi ya kwanza ni ya mtu asiye na dalili. Ngazi ya pili imejaa mambo ya ngozi na kinywa, yakiwemo mkanda wa jeshi, vipele vinavyowasha, magamba ya usoni, kuvu ya kucha, vidonda vya mdomoni vinavyorudi na midomo kupasuka pembeni. Ngazi ya tatu ina utando mweupe mdomoni usiokwisha. Katika ngazi ya nne, iliyo ya hatari zaidi, imo saratani ya Kaposi. Kwa maneno mengine, macho ya mhudumu makini yaliweza kusoma kile ambacho mashine haikuwepo kusoma.

Vipele vinavyodhaniwa ni vya chai

Katika eneo la chai, ugonjwa unaowapotosha watu zaidi huenda ni vipele vigumu, vidogo na vyenye kuwasha sana, ambavyo hutokea mikononi na miguuni, hasa upande wa nje. Mara nyingine huenea hadi mgongoni na usoni. Mgonjwa hujikuna hadi damu ikatoka, kisha kila kipele huacha doa jeusi. Baada ya mwaka mmoja, mikono na miguu huwa imejaa alama nyeusi zinazomfanya avae mikono mirefu hata jua linapowaka.

Mchumaji chai ana sababu ya kuvipuuza. Mikono yake hupita kwenye vichaka vyenye umande tangu alfajiri, matawi humkwaruza na wadudu humuuma. Kwa hivyo huona ni jambo la kawaida mikono kuwa na vipele.

Utafiti uliofanyiwa Uganda na kuchapishwa nchini Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba dhana hiyo ina ukweli nusu. Watafiti walichukua vipande vidogo vya ngozi kutoka kwa wagonjwa 102 wenye VVU na vipele vya aina hiyo. Walipovichunguza kwa hadubini, zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa na dalili za kuumwa na wadudu. Aidha, waliokuwa na vipele vikali zaidi ndio waliokuwa na chembe chache zaidi za CD4.

Maelezo yake ni kwamba mbu yule yule humuuma kila mtu, lakini kinga iliyovurugika hulijibu umo hilo kwa ghadhabu isiyo na kiasi. Jirani huumwa na mbu, akajikuna na kusahau. Mwenye kinga iliyodhoofika hubaki na kipele kwa wiki kadhaa. Kwa hivyo, mtu anayesema ameumwa na wadudu hasemi uongo. Swali analopaswa kujiuliza ni kwa nini yeye pekee katika nyumba nzima ndiye asiyepona.

Miongozo ya WHO ya mwaka 2014 kuhusu magonjwa ya ngozi na kinywa kwa wenye VVU inaeleza kwamba tiba kuu ya vipele hivi ni dawa za kupunguza makali ya VVU. Dawa za kupaka na vidonge vya kutuliza mwasho husaidia mgonjwa alale, lakini haziondoi chanzo. Chembe za CD4 zinapoanza kupanda, vipele hupungua polepole katika kipindi cha miezi kadhaa. Vikirudi kwa mtu ambaye tayari anatumia dawa, hiyo nayo ni habari. Huenda anaruka siku, au dawa zenyewe zimeshindwa na virusi, na inafaa apimwe kiwango cha virusi katika damu.

Mkanda wa jeshi

Ugonjwa wa pili unaostahili kujulikana na kila mtu ni mkanda wa jeshi. Huanza kwa maumivu makali kama ya kuungua moto, upande mmoja tu wa kifua, mgongo, shingo au uso. Siku chache baadaye hutokea malengelenge yaliyopangana mithili ya mshipi, na huishia katikati ya mwili bila kuvuka upande wa pili. Mpangilio huo wa ajabu ndio ambao tangu zamani umewafanya watu wadhani ni uchawi au ni mdudu aliyewapitia usingizini.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Aliyewahi kuugua tetekuwanga hubaki na virusi vyake kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu. Kinga inapodhoofika, virusi hivyo hushuka kwa kufuata mshipa mmoja, na kila mshipa huhudumia upande mmoja wa mwili.

Kwa wazee, mkanda wa jeshi unaweza kuletwa na umri pekee. Lakini unapompata mtu wa miaka 25 au 35 katika eneo letu hili la dunia, madaktari hushauri apimwe VVU bila kusita, hata kama anaonekana mwenye siha. Huweza kutokea mapema, wakati chembe za CD4 bado ni nyingi, na kwa hiyo ni nafasi nzuri ya kuuwahi ugonjwa.

Muda pia una thamani yake. Dawa ya asikloviri hufanya kazi vyema zaidi ikianzwa katika saa 72 tangu malengelenge yatokee. Malengelenge yakiwa kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, mgonjwa hapaswi kungoja hata usiku mmoja kwa kuwa jicho limo hatarini na anaweza kupofuka. Kupaka majivu, dawa ya meno au mafuta ya gari, kama baadhi ya watu wanavyoshauriana, huongeza vidonda na kumpotezea mgonjwa saa hizo.

Kuvu, magamba na upele

Magonjwa mengine yanayompata mwenye kinga iliyopungua ni yale yale yanayompata kila mtu. Tofauti ni kwamba huwa makubwa zaidi, huenea zaidi na hukataa kupona.

Choa, ambacho kwa mtoto wa shule huwa duara moja dogo, kwa mtu mzima mwenye upungufu wa kinga kinaweza kufunika mgongo mzima. Kucha zinaweza kugeuka nyeupe kuanzia shinani, jambo ambalo ni nadra kwa mwenye kinga kamili. Mba huteremka kutoka kichwani na kuwa magamba yenye mafuta kwenye nyusi, kando ya pua na nyuma ya masikio. Vinundu vidogo vinavyong'aa, vyenye kitobo katikati, ambavyo kwa kawaida ni vya watoto, hujitokeza usoni mwa mtu mzima na kukua. Chunjua huongezeka, hasa sehemu za siri. Malengelenge ya sehemu za siri ambayo yangekauka kwa siku kumi hugeuka vidonda vinavyodumu zaidi ya mwezi.

Upele, ule unaoletwa na wadudu wanaochimba ngozi, unastahili kutajwa peke yake. Mtu wa kawaida mwenye upele huwa na wadudu wachache tu, kama kumi au kumi na watano. Mwenye kinga duni anaweza kuwa na maelfu kwa maelfu. Ngozi yake hufanya ukoko mnene wa kijivu, na ajabu ni kwamba wakati mwingine haiwashi sana. Mtu huyo mmoja anaweza kuwaambukiza watu wa nyumba nzima. Katika makao ya wafanyakazi wa mashamba, ambako familia hulala katika chumba kimoja na kushiriki blanketi, kumtibu mmoja na kuwaacha wengine ni kazi bure. Sharti wote watibiwe siku moja, na nguo na matandiko yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani.

Ni hapa ambapo dawa za dukani huleta madhara. Krimu nyingi zinazouzwa bila cheti cha daktari zina steroidi, dawa inayotuliza uvimbe kwa kuizuia kinga ya ngozi isifanye kazi. Ikipakwa kwenye choa, wekundu hufifia na mwasho hupungua, hivyo mgonjwa hufurahi. Chini ya utulivu huo, kuvu huendelea kutambaa. Mgonjwa anapofika hospitalini, umbo la ugonjwa huwa limepotea na hata mtaalamu hupata shida kulitambua. Steroidi ina nafasi yake katika tiba, lakini mikononi mwa anayejua anachokitibu.

Doa lisilowasha

Ikiwa mwasho humsumbua mtu hadi akatafuta dawa, lipo doa jingine lililo hatari zaidi kwa sababu haliwashi wala haliumi. Ni saratani ya Kaposi.

Saratani hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1872 na Moritz Kaposi, daktari wa Vienna. Katika Afrika Mashariki na ya Kati ilijulikana miongo mingi kabla ya Ukimwi, ikiwapata hasa wanaume watu wazima miguuni na kukua taratibu. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani waliiona ikiwashambulia vijana kwa kasi isiyo ya kawaida, na tukio hilo likawa mojawapo ya ishara zilizoufichulia ulimwengu ugonjwa mpya ulioitwa baadaye Ukimwi. Muda si muda, madaktari wa Zambia na Uganda wakaripoti saratani hiyo hiyo kwa sura ile ile kali. Mwaka 1994 watafiti Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vinavyoisababisha, vya jamii moja na vile vya malengelenge.

Katika vitabu vya kigeni, madoa yake huelezwa kuwa mekundu au ya zambarau. Katika ngozi nyeusi, huonekana kama madoa meusi au ya kahawia iliyokolea, bapa au yaliyoinuka, na ni rahisi kudhaniwa kuwa kovu au jeraha lililovilia damu. Hupenda miguu, uso na ndani ya kinywa, hasa kaakaa. Mguu unaweza kuvimba na kuwa mgumu kama gogo. Mchumaji anayevaa mabuti ya mpira kutwa anaweza kukaa nayo miezi bila ya mtu kuona.

Ikigunduliwa mapema, kwa wagonjwa wengi dawa za VVU pekee huirudisha nyuma. Ikichelewa huhitaji pia dawa za saratani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowashirikisha wagonjwa kutoka Kenya, Uganda, Malawi na mataifa mengine, ulionyesha kwamba dawa iitwayo paklitakseli, ikitumiwa pamoja na zile za VVU, iliwasaidia wenye hali mbaya kuliko tiba nyingine mbili zilizolinganishwa nayo. Saratani ikifika mapafuni au tumboni, matumaini hupungua. Kwa hiyo, doa jeusi linaloongezeka ukubwa halingoji msimu wa bonasi ya majani chai.

Dawa inapochoma ngozi

Si kila tatizo la ngozi kwa mwenye VVU huletwa na maradhi. Mengine huletwa na tiba, na somo hilo Kenya ililipata kwa uchungu.

Miaka ya themanini na mwanzoni mwa miaka ya tisini, wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakipewa dawa ya bei nafuu iitwayo thiasetazoni. Utafiti uliofanyiwa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulibaini kwamba mgonjwa mmoja hivi kati ya kila watano wenye VVU alipata madhara ya ngozi kutokana nayo, ilhali kwa wasio na virusi hivyo alikuwa mmoja hivi kati ya mia. Baadhi yao ngozi ilichubuka mwili mzima kama iliyomwagikiwa maji ya moto, na wapo waliofariki. Dawa hiyo hatimaye iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine.

Septrin, ambayo wenye VVU wengi wamepewa kuwakinga na maambukizi, nayo inaweza kuleta vipele. Nevirapini, iliyokuwa katika mchanganyiko wa dawa uliotumiwa zaidi nchini miaka ya 2000, ilifahamika kwa jambo hilo na ilianzishwa kwa nusu kipimo wiki mbili za kwanza. Tangu Kenya ilipoanza mwaka 2017 kuingiza dolutegraviri, ambayo leo ndiyo msingi wa tiba ya watu wazima, madhara ya aina hiyo yamepungua sana.

Hata hivyo, kila anayeanza dawa anafaa kujua kipimo cha hatari. Vipele vichache bila homa ni sababu ya kumwarifu mhudumu. Homa, malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kuchubuka ni sababu ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo na dawa zote mkononi.

Jambo jingine huwavunja watu moyo. Katika wiki za mwanzo za dawa, kinga inapoamka, ngozi inaweza kuchafuka upya na mkanda wa jeshi au vipele kujitokeza. Mgonjwa hudhani dawa zinamuua, akazitupa. Kumbe mara nyingi ni kinga iliyorejea kazini na kuwakuta adui waliojificha. Tiba haifai kukatizwa ila kwa amri ya daktari.

Uzito wa kilo nne

Wako watakaouliza kwa nini mambo ya vipele yapewe uzito wote huu katika nchi ya chai. Jibu limo katika takwimu za eneo lenyewe.

Kati ya 2003 na 2006, watafiti wa mradi wa Walter Reed mjini Kericho waliwasajili zaidi ya watu 2,800 waliofanya kazi au kuishi katika mashamba makubwa ya chai. Watu 14 hivi kati ya kila 100 walikuwa na VVU, na kiwango cha wanawake kilikuwa juu kuliko cha wanaume. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 ulikadiria kiwango cha nchi nzima kuwa takriban watu wazima saba kati ya 100. Kufikia 2018, kiwango hicho cha kitaifa kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 4.9.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2004, uliangalia madaftari ya kampuni moja ya chai Kericho. Ulibaini kwamba wachumaji waliofariki au kustaafishwa kwa maradhi yanayohusiana na Ukimwi walikuwa wakichuma kati ya kilo nne na nane pungufu kwa siku kuliko wenzao, katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho wa kazi yao. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kwa hiyo, mizani ilikuwa ikiushuhudia ugonjwa muda mrefu kabla ya kaburi kuchimbwa. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2008, ulionyesha kwamba walioanza dawa walirudi kazini kwa siku nyingi zaidi.

Madaftari hayo hayakurekodi vipele. Lakini muda huo wa mwaka mmoja na nusu, mtu akiendelea kuchuma huku nguvu zikimwisha, ndio muda ambao aghalabu ngozi huwa tayari imesema. Umbali kati ya kipele cha kwanza na kipimo cha damu ndio unaoamua ikiwa mtu ataanza dawa akiwa bado anabeba kikapu mgongoni, au akiwa amebebwa kwa machela.

Si kila kipele ni Ukimwi

Kuna hatari ya upande wa pili. Watu wakijua kwamba ngozi husema, huanza kusomana sokoni. Mwenye makovu mikononi hunong'onwa, naye hujificha zaidi.

Ni vyema isisitizwe kwamba hakuna hata ugonjwa mmoja kati ya yaliyotajwa hapa unaothibitisha VVU kwa macho. Ugonjwa wa kisukari hudhoofisha kinga na kuleta majipu na kuvu. Dawa za saratani, dawa za waliopandikizwa figo na steroidi zinazomezwa kwa muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Wapo wenye ngozi inayodhurika kwa sabuni, mbolea au majani. Upele wa kawaida humpata yeyote. Kwa upande mwingine, wapo maelfu wenye VVU ambao ngozi zao ni safi kwa sababu wanatumia dawa barabara. Anayemhukumu jirani kwa kumtazama atawakosea wote wawili.

Kipimo cha damu pekee ndicho hutoa hukumu. Hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya umma, na majibu hupatikana kwa muda wa dakika chache. Tangu 2017 pia kuna vifaa vya mtu kujipima mwenyewe, ingawa jibu la kuwa na virusi sharti lithibitishwe hospitalini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mwajiri kumlazimisha mtu kupimwa ili apewe kazi, na inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake. Anayekosewa anaweza kuwasilisha malalamishi mbele ya jopo maalumu la VVU na Ukimwi lililoundwa chini ya sheria hiyo.

Cha kufanya

Mkazi wa Chepilat hana uhaba wa mahali pa kuanzia. Barabara inayopita hapo huelekea Sotik, ambako kuna hospitali ya misheni ya Kaplong, kisha Kapkatet na Litein kabla ya kufika Kericho. Upande wa Bomet zipo Tenwek na Longisa. Upande wa pili barabara hupitia Keroka hadi Kisii, penye hospitali ya rufaa. Anayeogopa kuonwa na watu wa kwao anaweza kuvuka mpaka, mradi asikatize dawa kwa sababu ya nauli. Bora kliniki ya karibu inayofikika kila mwezi kuliko ya mbali inayofichwa vyema.

Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Pengo hilo kwa sehemu huzibwa na maafisa wa kliniki waliosomea magonjwa ya ngozi, baadhi yao katika kituo cha mafunzo cha kanda kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama hospitali ya kaunti ina afisa wa aina hiyo.

Anapoingia kwa mhudumu, avue soksi na kukunja mikono ya shati, wala asionyeshe kipele kimoja na kuficha vingine. Aeleze tatizo lilianza lini, amepaka nini na anameza nini. Afungue kinywa kitazamwe. Ikiwa ngozi imemsumbua zaidi ya mwezi, au imerudi mara ya pili baada ya dawa, na mhudumu hakutaja kipimo cha VVU, basi yeye mwenyewe akiombe. Naye mhudumu wa zamu, hata foleni iwe ndefu namna gani, asiandike dawa ya kupaka kabla ya kuuliza swali hilo.

Waswahili walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Ngozi humtolea mtu habari hizo mapema, wakati dawa bado zinaweza kumrudishia afya yake, na kilichobaki ni yeye kuzifikisha hospitalini.